Maswali ya Wasomaji: Kugawa Silabi za Vitenzi vya Kifaransa na Kuzitamka

Barua nyingi tulizopokea kutoka Mwanza na visiwa vya jirani zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: silabi za kitenzi cha Kifaransa huhesabiwaje, na kwa nini hesabu ya kwenye daftari hailingani na ile inayosikika. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Naanza kwa kueleza alama nitakazotumia. Matamshi nimeyaandika kwa herufi za Kiswahili ndani ya mabano ya mraba, na kistari kinatenganisha silabi. Irabu yenye wimbi juu yake, yaani ã, õ na ẽ, hutamkwa pumzi ikipita puani na kinywani kwa pamoja. Sauti ya zh ni sh iliyotiwa mghuno, yaani mtetemo wa kooni. Alama ü ni irabu i inayotamkwa midomo ikiwa imeviringwa kama kwa u, na ə ni irabu hafifu ya katikati ya kinywa. Nikiandika e, ni ile ya é. Nikiandika è, ni ile inayotamkwa kinywa kikiwa wazi zaidi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Nyamagana. Katika zoezi la kugawa silabi niliandika kwamba kitenzi katika "ils parlent" kina silabi mbili, par na lent, kama nilivyoona katika kitabu cha mazoezi. Mwalimu wetu wa Kifaransa alikata jibu langu na kuandika silabi moja. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi, na kitabu nacho hakikukosea, kwa sababu kila kimoja kinazungumzia silabi ya aina yake. Kifaransa kina silabi za maandishi, ambazo hutumika kukata neno linapofika ukingoni mwa ukurasa na kuwafundisha watoto kusoma, na kina silabi za matamshi, ambazo ni zile zinazosikika mtu anapozungumza. Katika Kiswahili hatuhitaji tofauti hiyo: tukiandika wa-na-se-ma tunaona silabi nne na tunasikia silabi nne, kwa kuwa kila irabu tunayoiandika tunaitamka. Katika Kifaransa irabu nyingi zilizoandikwa hazitamkwi, na kiini cha silabi ya matamshi ni irabu inayosikika, si irabu inayoonekana. Kwa hiyo parlent, ambayo kwa maandishi ni par-lent, kwa matamshi ni [parl], silabi moja inayofungwa na konsonanti mbili.

Kanuni za maandishi ni nyepesi. Konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: fi-nir, a-voir, te-nez. Konsonanti mbili hugawanywa, moja kila upande: par-lons, don-ner, fi-nis-sons. Hata hivyo, makundi kama bl, pl, br, dr, tr na vr, ambayo konsonanti yake ya pili ni l au r, hayatenganishwi: ou-vrir, ren-trer, dou-bler. Vivyo hivyo ch, ph, th na gn, kwa kuwa kila jozi ni sauti moja: cher-chons, ga-gnez. Mwanafunzi aliyezishika kanuni hizi ataweza kukata karibu kitenzi chochote kwenye karatasi, lakini atakuwa bado hajajua kukitamka.

Kinywa kina hesabu yake. Konsonanti iliyorudiwa hutamkwa mara moja tu, kwa hiyo donner ni [do-ne] na finissons ni [fi-ni-sõ]. Miishilio -e, -es na -ent ya nafsi ya tatu wingi haitamkwi. Miishilio -er, -ez na -é hutamkwa [e]. Miishilio -ais, -ait na -aient hutamkwa [è], na -ons hutamkwa [õ]. Ukinyambua parler katika wakati uliopo, utaona kwamba je parle, tu parles, il parle na ils parlent zote zina kitenzi kinachotamkwa [parl], kisha nous parlons ni [par-lõ] na vous parlez ni [par-le]. Maumbo matano ya kuandikwa yamebaki matatu ya kusikika.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotea bila kujua kwamba tumepotea. Sisi tuliozoea kumaliza karibu kila neno kwa irabu huvutwa kuongeza irabu mwishoni mwa [parl], nayo inageuka kuwa "parle" au "parli". Mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni suala la lafudhi tu na kwamba msikilizaji ataelewa. Lakini katika Kifaransa [par-le] ni umbo jingine kabisa: ni parler, au parlé, au parlez, na [par-lè] ni parlais, parlait au parlaient. Mwanafunzi anayetaka kusema ils chantent, yaani wanaimba, ambayo ni [shãt], kisha akaongeza irabu, amesema [shã-te] au [shã-tè], na wa pili huo ni wakati uliopita: walikuwa wakiimba. Vivyo hivyo il mange ni [mãzh], anakula, na il mangeait ni [mã-zhè], alikuwa akila. Silabi moja ya ziada imehamisha tendo kutoka leo hadi jana, na msikilizaji hana njia ya kujua kwamba hukukusudia.

Kwa hiyo jizoeze kufunga neno kwa konsonanti. Kiswahili hakikosi silabi funge kabisa, kwani tunazo katika maneno ya mkopo kama lab-da na dak-ta-ri. Tamka "labda" ukomee kwenye lab-, nyamaza kabla ya -da, na usikilize jinsi midomo inavyobaki imefungwa. Kisha ichukue hali hiyo uipeleke kwenye jozi ambazo konsonanti ya mwisho ndiyo inayotofautisha umoja na wingi: il finit [fi-ni], ils finissent [fi-nis], il lit [li], ils lisent [liz], il dort [dor], ils dorment [dorm], il met [mè], ils mettent [mèt]. Ukiweza kutamka jozi hizi pasipo irabu ya ziada, umevuka sehemu ngumu kuliko zote.

Jihadhari tu usifikiri kwamba kila -ent ni bubu. Bubu ni ile ya nafsi ya tatu wingi ya kitenzi. Le président, yaani rais, ni [pre-zi-dã], ilhali ils président, wanaongoza kikao, ni [pre-zid]. Il convient, inafaa, ni [kõ-vyẽ], kwa kuwa hapo -en- ni sehemu ya shina, na t pekee ndiyo mwishilio wa umoja. Lakini ils convient, wanaalika, kutoka kitenzi convier, ni [kõ-vi]. Maandishi ni yaleyale, na ni sarufi pekee inayokuambia usome silabi ngapi.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Wateja wangu wengi hutoka Kongo na Burundi. Nami huzungumza nao Kiswahili, lakini wenyewe kwa wenyewe, na hasa wanapopigiana simu juu ya mizigo, hutumia Kifaransa. Nimeanza kujifunza. Kwenye maandishi naona kwamba "il arrive" ni mmoja na "ils arrivent" ni wengi, lakini nikisikia siwezi kutofautisha. Tena nasikia "ilzon" na "ilson" na sijui kama ni kitenzi kimoja au viwili.

JIBU: Ndugu yangu, tofauti unayoitafuta ipo, ila haiko mwishoni mwa kitenzi, iko mwanzoni mwake. Arrive na arrivent zote hutamkwa [a-riv]. Kinachobadilika ni jinsi kiwakilishi kinavyoungana na kitenzi. Kifaransa, kama Kiswahili, hupenda silabi huru, yaani ile inayoishia kwa irabu, na ili kuipata hakijali mpaka wa maneno: konsonanti iliyomaliza neno la kwanza huvuka na kuanzisha silabi mpya pamoja na irabu ya neno linalofuata. Kwa hiyo il arrive ni [i-la-riv], l ya il ikiwa imehamia upande wa a. Katika ils arrivent, ile s ambayo kwa kawaida haitamkwi huamka ikiwa z kwa sababu kitenzi kinaanza kwa irabu, nasi tunasikia [il-za-riv]. Basi unaposikiliza mazungumzo ya simu, acha kuufuatilia mwisho wa kitenzi na uitegee sikio hiyo z.

Jambo hili linapaswa kutupa moyo sisi wasemaji wa Kiswahili, maana kuunganisha konsonanti na irabu inayofuata ni tabia ya ulimi wetu. Wageni wengi wanaojifunza Kifaransa hutamka neno mojamoja na kuacha pengo kati yake. Sisi tukiambiwa tuseme [nu-za-võ] kwa nous avons, [vu-zèt] kwa vous êtes, au [õ-na] kwa on a, silabi zinakuja zenyewe kwa sababu zinafanana na zetu.

"Ilzon" na "ilson" ni vitenzi viwili. Cha kwanza ni ils ont [il-zõ], wana, kutoka avoir. Cha pili ni ils sont [il-sõ], wako au ni, kutoka être. S ya ils ikikutana na irabu hutamkwa z, lakini s inayoanzisha sont ni s kamili. Ils ont deux camions maana yake wana malori mawili. Ils sont deux maana yake wako wawili. Katika kazi yako ya kupakia mizigo, z na s hizo haziwezi kubadilishana.

Kitenzi kikianza kwa konsonanti, msaada wa z hupotea. Il mange na ils mangent zote ni [il-mãzh], na hata mzaliwa wa Ufaransa hutegemea muktadha. Lakini vitenzi vingi visivyo vya kundi la -er bado vinajitambulisha kwa konsonanti ya mwisho niliyomweleza mwanafunzi wa Nyamagana: il vend [vã], anauza, ils vendent [vãd], wanauza. Kitenzi attendre, kusubiri, kinakupa dalili zote mbili kwa pamoja: il attend [i-la-tã], ils attendent [il-za-tãd].

Katika mazungumzo ya kawaida utasikia l ya il na ils ikidondoshwa mbele ya konsonanti, hivyo il vient huwa [i-vyẽ], na hata ils arrivent huwa [i-za-riv] kwa wengi. Z haidondoshwi. Tena katika maswali yaliyogeuzwa, vend-il hutamkwa [vã-til], kwa t, ingawa imeandikwa d. Na vipo vitenzi vichache vinavyoanza kwa h inayozuia muungano: nous habitons ni [nu-za-bi-tõ], lakini nous haïssons, tunachukia, ni [nu-a-i-sõ] bila z yoyote. Kamusi nyingi huiwekea h ya aina hiyo alama, nawe huna budi kuijifunza neno kwa neno.

SWALI: Kwa nini "nous faisons" haitamkwi kama "vous faites"? Ai ni ileile. (Msomaji wa Igoma.)

JIBU: Katika faites na fait, ai hutamkwa [è], kama kanuni inavyotaka, na vous faites ina kitenzi cha silabi moja, [fèt]. Katika faisons, na katika faisais, faisait na wenzake wa wakati uliopita, ai hiyo hutamkwa ə: [fə-zõ], [fə-zè]. Ni umbo la pekee linalopaswa kukaririwa. Mwenzake ni eu, ambalo katika j'ai eu ni irabu moja tu, [ü], hivyo kirai chote ni [zhe-ü].

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanachuo hapa Nyegezi. Rafiki yangu kutoka Bujumbura husema kwamba nikitamka "chanter" na "tomber" anasikia n na m ambazo hazipaswi kusikika. Nami najitahidi kuzipunguza, lakini bado zinatoka. Nifanyeje?

JIBU: Tatizo lako, mwanangu, limo katika mahali unapoikata silabi, na kulipunguza kwa nguvu ya ulimi hakutasaidia mpaka uhamishe mkato wenyewe. Angalia majina ya hapa kwetu. Tunasema Mwa-nza, Bu-ga-ndo, Ka-ma-nga, Ki-ru-mba. Katika kila jina, nazali, yaani n au m, imeungana na konsonanti inayofuata, na silabi ya kabla yake imebaki huru. Hiyo ndiyo sheria ya Kiswahili na ya lugha nyingi za pwani ya ziwa hili, na tumeinyonya tangu utotoni. Ukikutana na chanter, ulimi wako unakata cha-nter, n inasukumwa mbele ikaungane na t, na rafiki yako anasikia [sha-nte].

Kifaransa kinakata kinyume. N au m inayofuatwa na konsonanti nyingine, au iliyo mwishoni mwa neno, ni mali ya irabu iliyotangulia, nayo huyeyuka ndani yake: chan-ter ni [shã-te], mon-ter ni [mõ-te], tom-ber ni [tõ-be], ren-trer ni [rã-tre]. Ulimi haugusi popote kwa ajili ya n, na midomo haikutani kwa ajili ya m. Fanya hivi: tamka silabi ya kwanza peke yake, [shã], uivute mpaka uhakikishe kwamba pumzi inatoka puani na ncha ya ulimi imelala chini, nyamaza kabisa, kisha tamka [te]. Baada ya hapo punguza kimya hicho kidogokidogo. Ukianza na neno zima kwa mwendo wa kawaida, mazoea ya Mwa-nza yatakushinda, kwa sababu ulimi unafuata mkato ambao akili tayari imeufanya.

Nazali ikifuatwa na irabu, hali hubadilika: inarudi kuwa konsonanti kamili na irabu iliyotangulia inakuwa ya kinywani tu. Kwa hiyo venir ni [və-nir] na tenons ni [tə-nõ]. Ikirudiwa maradufu, mara nyingi matokeo ni hayohayo: donner [do-ne]. Ndiyo maana umoja na wingi wa vitenzi kadhaa vya kila siku hutofautiana kwa namna inayopendeza sikio: il prend ni [prã], ils prennent ni [prèn], il vient ni [vyẽ], ils viennent ni [vyèn], il tient ni [tyẽ], ils tiennent ni [tyèn]. Katika umoja pua inafanya kazi na hakuna n. Katika wingi n inasikika wazi na irabu haiendi puani. Wanaotamka vyote viwili [vyen] wamefuta tofauti ya umoja na wingi, na msikilizaji hawezi kujua anakuja nani.

Kanuni hiyo haivigusi vitenzi kama emmener na ennuyer, ambavyo hupeleka irabu puani na bado hutamka nazali inayofuata: il emmène ni [ã-mèn].

SWALI: Mkazo uwekwe kwenye silabi ipi? (Mwalimu wa sekondari, Nansio, Ukerewe.)

JIBU: Kwenye silabi ya mwisho inayosikika, tena ya kundi zima la maneno, si ya kila neno. Ukisema nous parlons peke yake, mkazo uko kwenye -lons. Ukiendelea nous parlons français, unahamia kwenye -çais, na parlons inapita bila uzito. Wanafunzi wako huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyotaka, na matokeo yake ni kwamba mwishilio wa kitenzi, ambao ndio unaotaja nafsi na wakati, unamezwa. Warekebishe hapo kabla ya kuwasumbua kwa sauti ya r.

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba "je donnerai" ina kitenzi cha silabi mbili na "je parlerai" cha silabi tatu, ingawa vyote vimeandikwa kwa namna moja. Pia sielewi kwa nini "j'appelle" huongezwa l na "j'achète" huwekewa alama. (Msomaji wa Sengerema.)

JIBU: Maswali yako mawili yana mzizi mmoja, nao ni ile e isiyo na alama ambayo mara inasikika na mara haisikiki.

Kanuni inayojulikana zaidi ni ile ya mwanaisimu Mfaransa Maurice Grammont, iitwayo sheria ya konsonanti tatu. Kwa ufupi inasema kwamba e hiyo hudondoka isipokuwa pale ambapo kudondoka kwake kungezikutanisha konsonanti tatu. Katika donnerai, e ikiondoka zinabaki n na r, mbili tu, basi inaondoka: [don-re]. Katika parlerai zingebaki r, l na r, ambazo ni mzigo kwa ulimi, basi e inabaki: [par-lə-re]. Kwa sababu hiyohiyo montrerai ni [mõ-trə-re]. Kanuni hii haishiki kila mahali, na watu wa kusini mwa Ufaransa, kama wale wa Marseille, huitamka e hiyo mara nyingi zaidi kuliko watu wa Paris, lakini kwa wakati ujao wa vitenzi vya -er itakuongoza vizuri. Shina likiishia kwa irabu, e haitamkwi kabisa: je jouerai ni [zhu-re], je crierai ni [kri-re], j'étudierai ni [e-tü-di-re].

Kundi la konsonanti lenye l au r husumbua pia i inayofuatwa na irabu. Lier ni silabi moja, [lye], kwa kuwa i imegeuka y. Lakini crier ni mbili, [kri-ye], na vous voudriez ni [vu-dri-ye], kwa sababu kinywa hakiwezi kubeba kr au dr pamoja na y bila irabu katikati.

Sasa appeler na acheter. Katika infinitivu, yaani umbo la kitenzi ambalo halijanyambuliwa, e ya shina ni hafifu, na katika mazungumzo hudondoka: [a-ple], [ash-te]. Mwishilio ukiwa bubu, kama katika j'appelle na j'achète, silabi hiyo inakuwa ya mwisho kusikika, inabeba mkazo, na inafungwa na konsonanti, hivyo lazima ipate irabu kamili: [a-pèl], [a-shèt]. Waandishi walikuwa na njia mbili za kuonyesha irabu hiyo, kurudia konsonanti au kuweka alama ya è, na vitenzi vikagawanyika kati ya njia hizo bila mantiki kubwa. Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa tarehe 6 Desemba 1990 yalipendekeza è kwa vitenzi vya -eler na -eter, isipokuwa appeler, jeter na jamaa zake, ambavyo vilibaki na konsonanti mbili. Marekebisho hayohayo yaliruhusu je préfèrerai badala ya je préférerai, kwa kuwa ndivyo watu walivyokuwa wakitamka. Tahajia zote mbili zinakubalika, nami naona ile mpya inamsaidia zaidi mwanafunzi kwa sababu inafuata silabi inayosikika.

Kuhusu mwisho wa parlerai, nitasema, na parlerais, ningesema, matamshi ya kale hutofautisha [e] na [è]. Wafaransa wengi wa leo hawaitofautishi tena, lakini ninashauri uijifunze, maana walimu wengi bado huitaka na imla hurahisika kwako. Msomaji anayezungumza Kisukuma, lugha yenye irabu saba, ana sikio lililokwisha kuzoea kutenganisha irabu zinazokaribiana kuliko anayejua tano za Kiswahili peke yake. Courir nacho kinastahili kutajwa: je courais, nilikuwa nikikimbia, ni [ku-rè], na je courrais, ningekimbia, ni [kur-rè], r mbili zikisikika zote. Hapo, kwa nadra, konsonanti iliyorudiwa kwenye karatasi inarudiwa pia kinywani.

SWALI: Mimi ni mwanakwaya wa parokia moja jijini. Tumepewa wimbo wa Kifaransa, na katika nota silabi ya mwisho ya "chantent" imepewa nota yake. Lakini umewahi kutufundisha kwamba -ent haitamkwi. Tuimbeje?

JIBU: Imbeni kama ilivyoandikwa kwenye nota. Mashairi ya Kifaransa ya jadi, na nyimbo zinazotokana nayo, hufuata hesabu ya zamani, ambamo e ya mwisho huhesabiwa kuwa silabi endapo inafuatwa na neno linaloanza kwa konsonanti. Ils chantent bas, kwa mazungumzo, ina silabi tatu, [il-shãt-ba]. Katika ubeti ina nne, [il-shã-tə-ba]. Likifuata neno linaloanza kwa irabu, -e tupu humezwa, lakini -ent hubaki na t yake huungana na irabu hiyo. Mwishoni mwa mshororo silabi hiyo haihesabiwi katika mizani, ingawa watunzi wa muziki mara nyingi huipa nota yake fupi.

Mnapoiimba, msiigeuze kuwa [e] wala [a]. Iwe ə, midomo ikiwa imeviringwa kidogo, na iwe nyepesi kuliko silabi iliyotangulia, ambayo ndiyo yenye mkazo. Kiongozi wa kwaya apitie vitenzi vyote vya wimbo na kupigia mstari vile vya wakati uliopita vinavyoishia kwa -aient, kama chantaient, kwa sababu hivyo havipati silabi ya ziada hata katika ushairi: ni [shã-tè], nota mbili, na akikuta nota ya tatu chini yake, basi silabi zimepangwa vibaya na aliyenakili nota hizo aulizwe.